Mama Chef Hakuamini Kimya

Mama Chef alikuwa hamsalimii mtu kabla hajatupigia simu. Alisimama nje ya mlango wa chumba chetu, mkoba begani, kilemba kimefungwa vizuri, sisi tukimwona kupitia dirisha, na hapo alitoa simu yake na kupiga namba ya santrali yetu ya alarme. Simu ya mezani ililia mbele yetu. Mmoja wetu alipaswa kuipokea kabla haijalia mara ya tatu, aseme jina la kampuni na saa, kama vile anaongea na mteja asiyemjua kabisa. Ndipo alikata, akaingia, na salamu zikaanza, tena ndefu: mama yako aliamkaje, mguu wa yule jirani umepona, mtoto wa dada yako ameacha kuhara? Siku yangu ya kwanza nilicheka, nikamwambia tuko hapa, Mama, si unatuona. Akanijibu kwamba kuona watu kwenye viti si kujua kama simu inaingia.

Alikuwa mkubwa wa chumba. Jina lake tulilijua, liliandikwa juu kabisa kwenye karatasi ya zamu, lakini sikumsikia mtu akilitamka. Hata Patron, mwenye kampuni, alimwita Mama Chef.

Santrali yetu iko Makiso, katikati ya mji, juu ya duka la vitambaa. Ni chumba kimoja chenye ekran tatu na kiyoyozi kinachokohoa. Wateja ni maduka, depo, hoteli moja, na nyumba za watu wenye kuta ndefu. Kila mmoja amefungiwa kisanduku ukutani kwake. Mlango ukifunguliwa saa isiyo yake, dirisha likivunjwa, waya ukikatwa, courant, yaani umeme, ikienda, kisanduku kinatutumia mstari mmoja wa maneno. Sisi tunausoma, tunampigia mteja, na ikibidi tunatuma watu wetu wawili wa pikipiki. Basi. Mtu akisikia hivyo anafikiri ni kazi ya kukaa. Mimi pia nilifikiri hivyo. Niliacha shule mwaka wa nne wa sekondari, kichwa kimejaa ndoto, na ndoto yangu kubwa ilikuwa siku moja niwe na santrali yangu, yenye ramani ya mto ukuta mzima, kutoka Ubundu mpaka kwetu Yanonge, kila kijiji taa yake. Nilimweleza Mama Chef. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taa moja ikizimika nitajuaje kama ni kijiji au ni balbu.

Ndivyo alivyokuwa. Na kitu alichokishuku kuliko vyote ni kimya.

"Alarme yenye kulia haina shida," alituambia, "ile inafanya kazi yake. Mi naogopa ile yenye kunyamaza."

Kila kisanduku kilitakiwa kutuma neno dogo kila saa, kusema tu kipo. Mteja mwenyewe hajui habari hiyo. Kisanduku kikikosa saa yake, wengine wangesema ni réseau, mtandao tu, itarudi. Mama Chef alikuwa ameshainuka. Mara nyingi kweli ilikuwa réseau. Lakini mara moja kisanduku cha hoteli kilikuwa kinapotea kila siku mchana, kwa muda wa saa moja na nusu hivi, kisha kinarudi. Mafundi walikwenda, wakabadilisha hiki na kile. Mama Chef akapanda toleka, nyuma ya baiskeli, mkoba mapajani, akaenda kukaa kwenye koridoo ya hoteli bila kumwambia mtu. Alirudi na pasi mkononi. Mfua nguo alikuwa anachomoa kisanduku ili anyooshe mashuka. Mama Chef akaiweka ile pasi mezani mbele ya mafundi, akawaambia wamwangalie vizuri mwizi wa saa moja na nusu, ana moto tumboni.

Alishuku mafuta ya groupe, jenereta yetu. Pale karibu na groupe palikuwa na kijiti cha kupimia, chenye alama, na kila mtu alikitumia. Yeye akaja na chake, amekichonga mwenyewe kwa kisu, akakitia kwenye mtungi, na kijiti cha watu kikaonekana kina alama zaidi kuliko mafuta yenyewe. Mtu alikuwa amekikata chini, ili mafuta yakiibwa kisiseme. Hatujui nani mpaka leo. Tangu siku hiyo kijiti chake kililala kwenye droo, chini ya ufunguo, pamoja na daftari la maneno.

Alishuku betri pia. Kwenye karatasi betri zetu zilikuwa za kushika chumba kwa saa nane bila courant, na fundi alikuwa amesaini. Siku Patron amewaleta wateja wapya, wazungumzaji, wenye makoti, anawaonyesha ekran na kuwaambia hapa hapazimiki, chumba kikazimika. Palikuwa giza la kutosha kuona aibu ya Patron. Baada ya pumzi mbili ekran zikarudi kwa betri, kiyoyozi kikakohoa. Mama Chef alikuwa amesimama penye swichi kubwa, mkono bado uko juu.

"Ni mimi," alisema. "Nilitaka kujua."

Patron alikasirika wiki nzima. Wale wenye makoti walisaini siku hiyohiyo.

Sasa daftari la maneno. Kila mteja wetu anatoa maneno mawili. La kwanza ni la amani: tukimpigia kwa sababu alarme imelia, akilitaja, tunajua ni yeye na yuko salama. La pili ni la shida: mwizi akiwa amesimama nyuma yake na panga, mteja analitaja kama mtu anayeongea kawaida, na sisi tunasema asante, samahani kwa usumbufu, tunakata, tunatuma watu. Maneno hayo Mama Chef aliyaandika kwa mkono wake, na mteja alipaswa kuja mwenyewe kuyatoa, sio kutuma mtu. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa misumari na rangi, akataka neno la amani liwe jina la mke wake. Mama Chef akaweka kalamu chini.

"Ile jina muji yote inajua, Papa. Na ya ule wa pili pia inajua."

Bibiche, mwenzangu wa kiti cha pili, alitoka nje kwenda kucheka. Yule papa akatazama dari, mwisho akatoa jina la samaki ambalo nilikuwa sijalisikia kwa mtu mwingine ila kwa bibi yangu, na Mama Chef akaliandika kwa heshima zote.

Nisiseme kwamba alikuwa mkavu. Hapo ndipo mtu anaposhindwa kumwelewa. Mwanamke aliyeshuku mpaka mshale wa saa ya ukutani alimwamini kila muuza dawa ya magoti aliyepita chini ya dirisha letu. Alikuwa na chupa saba za dawa, zote za rangi ya chai, na magoti yalikuwa yaleyale. Kwake nyumbani geti halikuwa na kufuli, majirani waliingia kuchota maji bombani hata yeye akiwa hayupo. Alileta lituma, ndizi za kupondwa, na samaki kwenye bakuli kubwa kuliko tumbo lake, na alijifanya ameshiba ili sisi tumalize. Alikuwa wa zile familia za Waislamu wa zamani hapa mjini, Kiswahili chake kinyoofu akitaka, lakini akikasirika alishuka kwenye kile chetu cha mtaani na hapo ulijua umekosa kweli. Mimi aliniita mutoto ya mayi, mtoto wa maji, kwa kuwa nimetoka Yanonge, kando ya mto.

Aliyenitoa Yanonge ni Tonton, mdogo wa baba yangu. Ndiye alinipokea mjini, ndiye alisikia santrali wanatafuta kijana. Alijua kwa sababu alikuwa sentineli kwenye depo ya dawa, mteja wetu, analinda geti la mbele. Miaka mingi kwenye kiti kilekile cha plastiki, redio ndogo sikioni. Pale getini tulimfungia kibonyezo chekundu. Amri ilikuwa moja: ukisikia kitu, usiende peke yako nyuma, bonyeza, ngoja watu wa pikipiki.

Depo hiyo ilitusumbua kipindi fulani. Kila siku alasiri alarme ya stoo ya nyuma inalia, watu wanakwenda, hakuna kitu. Mwenye depo akachoka, akaomba tupunguze masikio ya kile chombo kinachoona mwendo. Mama Chef akakataa. Akaenda mwenyewe, akakaa juu ya katoni ya serum tangu asubuhi, bila kusoma, bila simu, akitazama tu. Saa tisa jua lilipogeuka, bati moja la juu, lililolegea misumari, likajiinua na kushuka taratibu. Alisema bati linavuta pumzi. Fundi akalipigilia, alarme ikanyamaza. Jioni ile Tonton alinichekea nyumbani: yule mama wenu, eti alimuuliza anakwenda kukojoa mara ngapi kwa siku. Alipomjibu, akataka na saa.

Tulicheka wote wawili. Baadaye mimi nililikumbuka swali hilo kwa namna nyingine.

Kuna desturi moja ya chumba lazima niieleze, maana bila hiyo hamtaelewa. Mtu hakutoka kwenye kiti chake bila mwingine kukipokea kwa sauti. Unayebaki unasema: chumba iko kwangu. Si kwa kichwa, si kwa kunung'unika. Kwa sauti. Na anayerudi hasemi chochote kabla hajasoma nyuma, maana yake asome mstari kwa mstari vitu vyote vilivyoingia akiwa hayupo, kidole kwenye ekran, hata kama mwenzake amemwambia hakuna kitu. Mama Chef alisoma nyuma ya kila mtu. Bibiche alimchukia kwa hilo. Alisema ni kama kufua nguo halafu mtu azinuse mbele yako.

Mimi sikumchukia. Mimi niliona ni kuchelewesha kazi tu. Kuna kitu kinatokea hapa kwetu kila mara: courant ikikatika Makiso nzima, visanduku vyote vinatuma habari hiyo kwa pamoja, mistari arobaini inashuka kwenye ekran kama mvua, yote inasema kitu kimoja. Mama Chef alitaka kila mmoja usomwe na kukubaliwa peke yake, yaani ubonyezwe kwamba umeonekana, ndipo utoke kwenye ekran. Arobaini, kidole kwa kidole. Na chini ya ekran kuna kibonyezo cha kukubali yote kwa mara moja. Nilikigundua mwenyewe. Nilikitumia akiwa hayupo, mara ngapi sijui, na hakuna kilichoharibika. Nilijiona mjanja. Nilijiambia siku yangu ikifika, kwenye santrali ya mto, hakuna atakayepoteza dakika kumi kusoma kitu kimoja mara arobaini.

Jumamosi moja mvua ilikuja ya kuvunja. Saa nane mchana. Depo zimefungwa tangu saa sita, Bibiche alikuwa mapumzikoni kwao. Mama Chef aliinuka kwenda kuswali chumba cha nyuma. Nikasema chumba iko kwangu. Alipofunga mlango, courant ikaenda mji mzima, mistari ikashuka. Nilingoja imalize kushuka, nikabonyeza kile kibonyezo. Ekran ikawa safi.

Alirudi miguu imelowa, maana lile dirisha la nyuma linavuja, amejifunika shali, anatetemeka. Akauliza nini kimeingia. Nikamwambia ni courant tu, Mama, kawaida, na nikamcheka kwa jinsi alivyolowa. Yeye akasimama nyuma ya kiti changu, akatazama ekran safi, halafu akakaa. Akaomba chai.

Jumatatu asubuhi mwenye depo alifungua stoo akaikuta nusu tupu. Waliingia kwa juu, wakatoa bati, wakakata waya wa king'ora na wa kile chombo kinachoona mwendo, kabla hakijalia kitu. Polisi wakamchukua Tonton.

Alichosema Tonton ni kimoja tu, na alikirudia kwa kila aliyemuuliza: Jumamosi, mvua ikipiga, alisikia bati likigongwa nyuma. Alibonyeza. Akabonyeza tena. Mara tatu. Alitaka kupiga na simu, chaji ilikuwa imekwisha. Akangoja. Hatukuja. Alipoona kimya akadhani tumetazama kwa mitambo yetu tukaona hakuna kitu, akarudi kwenye kiti. Mkuu wa kituo cha polisi alipiga simu santrali kuuliza kama tulipokea mwito. Simu ile niliipokea mimi. Nikatazama orodha ya Jumamosi kwenye ekran, hakuna mwito uliokuwa unangoja, nikajibu kwa roho safi kwamba hatukupokea kitu.

Kwa neno hilo Tonton akawa mwongo, na mwongo akawa mwizi. Walisema ndiye aliyekata waya.

Nilikaa siku mbili bila kulala. Tonton hasemi uongo. Ni mtu anayerudi sokoni kusema umenirudishia chenji nyingi. Kama alisema alibonyeza, basi alibonyeza, na kama alibonyeza, mwito ulifika, na kama ulifika na haupo, kuna aliyeufuta. Nani? Mwenye chumba ni nani? Nani aliinuka saa ileile, akafunga mlango wa nyuma? Nani alikaa siku nzima chini ya lile bati, akalijua kila msumari? Nani alimuuliza Tonton saa zake za kwenda kukojoa? Na Jumamosi ile, yeye anayesoma nyuma ya kila mtu, kwa nini hakusoma?  Hakusoma kwa sababu alijua kilichomo.

Mambo yote yalikaa sawa, kama vigae. Nikiandika leo naona aibu jinsi yalivyokaa sawa. Nilimtazama akipima mafuta, nikaona mwizi anayepima. Alinipa lituma, nikasema sina njaa. Bibiche naye akaanza kukumbuka mambo, kwamba ufunguo wa droo hampi mtu, kwamba ana namba mbili za simu. Jumatano mchana nilipanda kwa Patron, nikamwambia yote.

 Patron alimwita Mama Chef juu palepale, mimi nimesimama. Akamrudishia maneno yangu moja moja, bila kutaja yametoka wapi, lakini macho yake yalinitazama mimi, na hilo lilitosha. Nilingoja alie, au anitukane. Alivua miwani, akaipangusa kwenye shali, akaivaa tena.

"Bon," alisema. "Tutoe karatasi."

Mashine ina kumbukumbu yake ambayo hakuna kidole kinachoweza kuifuta. Kukubali mstari kunautoa kwenye ekran tu, ndani unabaki, pamoja na saa na namba ya aliyeukubali. Mimi nilijua hilo. Tulifundishwa wiki ya kwanza. Kwa siku mbili nilikuwa nimezunguka nikiwapima watu kwa moyo, na karatasi iko umbali wa ngazi moja.

Ilichapwa kurasa mbili. Mama Chef akaziweka mezani kwa Patron, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikishuka. Courant, duka la vitambaa. Courant, hoteli. Courant, courant, courant. Sauti yake haikubadilika. Nilianza kuhesabu pamoja naye bila kujua kwa nini, na nilipofika ishirini na kitu nilikikumbuka kile kibonyezo. Courant, nyumba ya daktari. Mwito wa sentineli, depo ya dawa, geti la mbele. Courant. Courant. Mwito wa sentineli, depo ya dawa. Waya wa king'ora umekatwa, depo ya dawa, ukuta wa nyuma. Mwito wa sentineli.

Alisoma mpaka mstari wa mwisho, hata ile iliyobaki ambayo haikuwa na maana tena. Kisha akarudisha kidole juu, akashuka nacho safu ya pili, ya waliokubali. Namba moja tu, yangu. Arobaini na tatu, ndani ya sekunde moja.

Mama Chef hakunitazama. Mpaka leo nasema hivyo: hakunigeukia hata kidogo. Alimwambia Patron apeleke karatasi kituoni sasa hivi, maana yule papa sentineli alikuwa getini akibonyeza wakati waya unakatwa nyuma, na mtu mmoja hawezi kuwa na mikono mirefu namna ile. Patron akauliza, na huku kwetu, kosa liandikwe kwa nani? Mteja anataka jina.

"Chumba ilikuwa yangu," alisema Mama Chef. "Niliuliza, banijibu, sikusoma nyuma. Andika mimi."

"Na huyu?"

"Huyu alikosa na kidole. Mi nilikosa na kichwa."

Nilifungua mdomo. Nilisema ni mimi, Patron, ni mimi. Nilisema mara mbili. Patron akaniambia nishuke nikashike kiti, ekran ziko na Bibiche peke yake. Nikashuka. Nimejiuliza mara nyingi kama mtu mwenye moyo wa kweli angeshuka.

Tonton alitoka siku hiyohiyo jioni. Nilimwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine, kwamba ni mimi niliyeufuta mwito wake. Alikaa, akavua viatu, akauliza kama kuna chakula. Alipomaliza kula alisema alijua tu kwamba kilibonyezeka, kile kibonyezo kinatoa joto kidogo kikifanya kazi. 

Mteja alipewa jina lake, na Mama Chef aliondoka mwisho wa mwezi. Alitoa kijiti chake na daftari kwenye droo, akampa Patron ufunguo mkononi, akatuaga kila mmoja kwa habari za kwao. Mimi nilikuwa kwenye kiti, simu imelia, niliitikia mteja wakati anapita mlangoni. Labda niliirefusha ile simu.

Ilipita zaidi ya mwaka kabla sijavuka kwenda kumwona. Alikuwa amehamia kwa dada yake ng'ambo ya mto, Lubunga. Nilipanda pirogi, mtumbwi wa kuvusha, sukari na sabuni kwenye mfuko, nikauliza njia mara tatu. Nilimkuta uani, kwenye mkeka, anachagua mchele kwenye ungo. Alikuwa amepungua. Magoti yake yamefungwa vitambaa vyenye harufu ya ile dawa ya rangi ya chai. Aliuliza habari za wote, mpaka za fundi wa betri. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, kwamba anajua nimekuja kuomba msamaha.

"Msamaha wa nini?" aliuliza.

"Nilikushuku, Mama. Nilikupeleka kwa Patron."

"Kushuku iko kazi. Mi mwenyewe nilikufundisha." Alitupa kijiwe nje ya mkeka. "Ulishuku mutu mbele ya kusoma karatasi. Ile tu."

 Halafu nikauliza kile nilichovukia mto. Kwa nini siku ile hakusoma nyuma yangu? Alisoma nyuma ya kila mtu, kila siku, hata nyuma ya Patron.

Aliendelea na mchele muda. 

"Mvua ilikuwa mingi, nilikuwa na baridi. Na we ulicheka vile unachekaka. Nikasema, huyu iko mutoto muzuri, acha leo nikae." Akapeta ungo mara moja. "Ona sasa, kukaa mara moja."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama kuku. Dada yake alileta chai, akatutazama wote wawili, akarudi ndani.

Baadaye akauliza kiti chake amekalia nani. Nikamwambia ni mimi, Mama, tangu miezi mitano. Alifurahi kweli, uso wote ulifunguka, akamwita dada yake aje asikie. Akauliza kiti cha pili. Bibiche, nikasema. Mafuta? Napima mwenyewe. Betri? Nazima mwenyewe, Ijumaa au siku yoyote, bila kutangaza. Aliitikia kwa kichwa kila jibu, na mimi nikazidi kunyooka mgongo kama mwanafunzi.

"Na nyuma yako anasoma nani?"

Nilisema hakuna. Nilisema mimi ndiye chef sasa.

Mikono yake ikasimama kwenye mchele. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya karatasi alinitazama sawasawa machoni, na macho yake hayakuwa ya mama wa lituma, yalikuwa yale ya nje ya dirisha, simu mkononi, anangoja kusikia kama inalia.

"Basi kule hakuna santrali," alisema. "Iko mutu mumoja na ekran."

Kesho yake nilimwambia Bibiche kwamba kuanzia leo kila nikiinuka au nikikaa, asome nyuma yangu, mstari kwa mstari. Akacheka, akauliza je, akikuta kitu? Nikasema aandike. Akauliza, aandike na jina? Nikasema na jina.

Siku ya tatu alikuta. Ulikuwa mstari mdogo, duka la simu, dirisha halikufungwa vizuri, niliukubali nikawaza mambo mengine. Alipiga simu kwa mteja, wakafunga. Halafu akavuta rejista, akaandika saa, akaandika mstari, akaandika jina langu lote kwa herufi kubwa, na alifurahia kila herufi.